Utani wa Upande Mmoja

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na dakika tano za kuzungumza. Kitenge nimekishona na saa inagonga vizuri, ila zile dakika tano niliziteketeza kwa kuwashukuru viongozi mmoja mmoja kwa vyeo vyao, kama desturi inavyotaka, na nilipolikaribia jambo lenyewe mshereheshaji alikuwa ameshafungulia muziki. Basi nimekaa hapa nyumbani Ipuli, asubuhi isiyo na zamu, nawaandikia yaliyobaki. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ni kama wenu. Nitawaeleza kazi ya kuwapokea wanawake waliobakwa, maana ndiyo mliyoirithi kwangu, na nitawaeleza habari za mwanamke mmoja aliyekuwa ameanza kupona mikononi mwetu, akatuponyoka.

Nilianza uuguzi enzi za sindano za kioo. Siku ya kwanza nilivaa gauni lililopigwa wanga mpaka nikiinama linalia kama gazeti. Mama Mihayo, muuguzi kiongozi wa wodi ya wanawake, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema nguo ikiwa safi namna hiyo maana yake mwenyewe hajafanya kazi. Akanipeleka kwenye jiko la mafuta ya taa lililokuwa na sufuria ya kuchemshia sindano. Alinifundisha kusikiliza maji kabla ya kuyatazama: yakiimba bado, yakinguruma ndipo uanze kuhesabu muda. Sindano ikiwa butu tuliinoa kwenye jiwe, tukaijaribu kwa kuipitisha kwenye pamba. Ikivuta uzi, irudi jiweni. Ninyi mnafungua pakiti na kutupa. Siwaonei wivu sana, lakini kidogo nawaonea.

Mama Mihayo alikuwa Mnyamwezi wa Tura, kile kijiji cha stesheni upande wa mashariki. Baba yake alifanya kazi ya reli, na babu yake, kabla ya reli kufika, alikuwa mpagazi wa misafara iliyokwenda pwani. Kutoka kwa babu huyo alirithi kifaa kimoja ambacho stoo ya hospitali haikuwa nacho. Kifaa hicho ni utani.

Najua wengi wenu mnaujua utani kwa kuusikia harusini tu, kwa hiyo naomba mnivumilie niueleze. Mpagazi aliyetoka huku na mzigo begani alipita Ugogo, akapita Uluguru, akapita Uzaramo. Njiani aliona kiu, aliugua, na pengine alikufa mbali na kwao. Nani angempa maji? Nani angemzika? Ndipo watu wa njiani na watu wa misafara wakawekeana uhusiano: mimi na wewe ni watani, nitakutukana na hutakasirika, utachukua kuku wangu na sitakushitaki, lakini nikifia kwako utanizika. Mpaka leo mtani akifika msibani anaweza kujilaza mlangoni akasema maiti haitoki mpaka alipwe. Ukiliona jambo hilo usiite polisi.

Mama Mihayo aliutumia utani wodini kama dawa, na ulifanya kazi. Nakumbuka mama mmoja Mgogo aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi, akakataa kushuka kitandani kwa hofu ya maumivu. Daktari alimsihi, nami nikamsihi kwa lugha nzuri ya chuoni. Mama Mihayo akaja akasimama miguuni pake, akamtania kama Wagogo wanavyotaniwa, kwamba ni ombaomba, "Mgogo, hapa hatugawi sadaka, nyanyuka ukatafute riziki." Yule mama, akiwa ameshikilia tumbo, akajibu kwamba Wanyamwezi ndio waliozoea mizigo, basi ambebe. Wodi nzima ikacheka, naye alipomaliza kucheka miguu yake ilikuwa chini. Siku ile niliamini nimeona hekima yote ya kazi yetu. Kitu kimoja sikukitilia maanani, na kwa miaka mingi hakuna aliyekitilia maanani: yule mama alijibu.

Waliobakwa, siku hizo, hawakuwa na mahali pao. Walikaa benchi moja na wenye malaria, wakaitwa jina kwa sauti, wakaulizwa mbele ya watu wameletwa na nini. Mwanamke alitoka kwetu kwenda polisi kuchukua fomu, yaani ile PF3, akarudi, akaambiwa daktari ametoka, akarudi tena kesho. Kila mlango alisimulia upya. Ni Mama Mihayo aliyeshona pazia kwa mashuka mawili yaliyochakaa, akalitundika kwenye kona ya chumba cha kufungia vidonda, akasema kuanzia leo hii ni nyumba, na mtu haingii nyumba ya watu bila hodi. Mganga mmoja aliingia bila hodi. Hakurudia.

Baadaye sana ndipo kikaja kituo cha mkono kwa mkono mlichokirithi: polisi wa dawati la jinsia, ofisa ustawi na muuguzi mlango mmoja, mwanamke asizunguke mji na aibu isiyo yake. Mimi nilikuwa nimesomea ushauri nasaha, nikapewa chumba cha ndani. Mama Mihayo alikuwa amekwisha kustaafu, lakini watumishi walikuwa wachache, akaombwa arudi kwa mkataba wa muda kukaa mapokezi. Alikubali kabla sentensi haijaisha. Alisema nyumbani amechoka kuamrisha kuku.

Kabla sijawaeleza kilichotokea, niwakumbushe kiwewe ni nini, kwa namna nilivyokuwa nikiwaeleza wagonjwa. Mwili wa mtu una mlinzi ndani yake. Mtu akifanyiwa ukatili, mlinzi huyo huamka akapiga kelele, na hatari ikishapita bado haamini kwamba imepita. Ndiyo maana mtu hapati usingizi, hashituki kwa kikubwa tu bali hata kwa sufuria kuanguka, hapiti njia ile, hapendi kuguswa hata na mwanawe. Kazi yetu si kumwambia mlinzi anyamaze. Kazi yetu ni kumwonyesha, siku baada ya siku, kwamba mahali ni salama, kwamba watu wanamwamini, kwamba amerudi kwa wenziwe. Akiyaona hayo mara nyingi, analala. Mwanamke ambaye kila aendako anaulizwa kama ana haki ya kuwapo, mlinzi wake ataona nini cha kumlaza?

Jeneroza alitoka Ulyankulu. Jina si hilo, na kisa chake nakiandika kwa ruhusa yake mwenyewe. Mnajua Ulyankulu ilikuwa makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka sabini na mbili, na kwamba watu wake wamepewa uraia na sasa ni vijiji vya wakulima kama vingine. Tunaijua hiyo kwa vichwa. Midomo yetu imechelewa. Vijiji vya kule bado vinaitwa kwa namba za barabara, na mtu akitaja tu barabara yake mapokezi, utaona macho ya watu benchini yanamgeukia. Mama yake Jeneroza aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mamaye. Jeneroza mwenyewe alizaliwa huku, amelima tumbaku huku, Kiswahili chake ni safi, na Kinyamwezi alikijua kunishinda mimi mtoto wa mjini. Lakini sokoni aliitwa mkimbizi.

Aliletwa na mama yake siku ya pili baada ya tukio. Ilitokea kwenye njia ya kutoka kwenye bani la kukaushia tumbaku, mchana, na aliyefanya alikuwa kijana wa kijiji jirani ambaye alimfahamu kwa sura. Dawa za kuzuia maambukizi zilikuwa bado na wakati, namshukuru Mungu na mama yake kwa hilo. Nilimpima, nikamweleza kila nitakachofanya kabla sijafanya. Alijibu "ndiyo, mama" kwa kila kitu, sauti moja, kama anayejibu kupitia ukutani.

Safari ya pili ndipo aliponieleza yule kijana alimwambia nini alipokuwa anaondoka. Alimwambia, "Utasema kwa nani? Wewe si wa hapa. Rudi kwenu." Kisha akanieleza milango aliyopita kabla ya kufika kwetu. Kwenye ofisi moja alipokwenda kuomba msaada, mtu wa mezani alimuuliza kwanza kama uraia wake umekamilika. Kwenye kituo cha polisi alikopelekwa baadaye, mwingine akamuuliza kwao hasa ni wapi. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walimuuliza tu, na walipomaliza kuuliza hayo ndipo wakamuuliza amefanyiwa nini.

Usiku, alisema, hakuwa akiiona sura ya yule kijana. Alikuwa anasikia maneno yake. Ila yalikuwa yanatoka kwa sauti ya mtu wa mezani, mara kwa sauti ya yule wa kituoni, mara kwa sauti ya mwanamke wa sokoni ambaye hajamkosea lolote siku hiyo. Akashindwa kujua aliyemuumiza ni mmoja au ni wengi. Kwa hiyo alikuwa analala ameketi, mgongo ukutani, na mama yake akilala mbele yake kama kizingiti.

Hilo ndilo nililotaka mlishike, wadogo zangu. Mwanamke mwingine aliyeumizwa anapotoka nje, dunia humsaidia kumtenga yule aliyemuumiza na watu wengine wote. Anaona shangazi, anaona jirani, anaona muuza mboga anayemuuliza amepungua kwa nini, na taratibu anakumbuka kwamba mbaya ni yule. Anayebaguliwa hapati msaada huo. Kila anayemuuliza kwao ni wapi anamrudisha kwenye ile njia. Nimewaona pia mabinti wa familia za dukani hapa mjini, za asili ya Uarabuni na ya Uhindi, ambao watu hudhani fedha inawakinga, nao walifika wamefunikwa mitandio, wakiogopa kuambiwa "ninyi si mna hospitali zenu." Jeraha la kubaguliwa linafanana, hata kama aliyelibeba ana gari.

Tulifanya kazi na Jeneroza kidogo kidogo. Kwanza kupumua tu. Kisha kwenda kisimani akiwa na mama yake, kisha akiwa na jirani. Alikuwa anasafiri kwa basi alfajiri na kufika kwetu vumbi limempaka nywele rangi, lakini hakukosa. Mama Mihayo alikuwa anamwekea chai. Siku moja Jeneroza aliniambia amelala chali usiku kucha, akaamshwa na jogoo, akamchukia yule jogoo kwa mara ya kwanza tangu tukio. Tulicheka wote wawili. Katika kazi yetu mtu akianza kumchukia jogoo badala ya kujichukia mwenyewe, hiyo ni hatua kubwa, ingawa hakuna mahali pa kuiandika kwenye faili. Tulipanga safari inayofuata tuzungumze habari ya kurudi shambani, na habari ya mahakamani, kwa sababu kesi ilikuwa imefunguliwa na yeye alikuwa amesema yuko tayari kusimama.

Safari iliyofuata benchi lilikuwa limejaa. Mama Mihayo alikuwa na furaha siku hiyo, amekwisha kutaniana na Mzaramo mmoja mpaka yule baba amesahau kilichomleta. Jeneroza akaingia. Mama Mihayo alimpenda, na kwa Mama Mihayo mtu akishapendwa alitaniwa. Hakuwa na namna nyingine ya kumwambia mtu kwamba sasa wewe ni wa nyumbani. Akapaza sauti, "Mrundi wangu huyo. Bado tu hujarudi kwenu? Haya kaa, tutakufanya Mnyamwezi."

Benchi zima likacheka. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba changu nikimngoja. Jeneroza naye alicheka, mkono mdomoni, akitazama sakafu. Akaingia chumbani, akaniambia yuko salama, shamba salama, kulala salama. Kila nilichouliza kilikuwa salama. Nilijaribu kuligusa lililotokea. Akasema mama wa mapokezi ni mtu mwema sana. Chai hakuinywa. Akaaga kwa heshima zote, na hakurudi tena.

Nilipiga simu ya mama yake ikaita bila kupokelewa. Baada ya wiki kadhaa Mama Mihayo akaniuliza Mrundi wake mbona haji. Nilikuwa kwenye mtego: maneno niliyoambiwa chumbani yalikuwa siri, sikuweza kumwambia alichokirudia bila kujua. Niliweza tu kumwambia kwamba nadhani ule utani ulimuumiza.

"Lakini alicheka," akasema.

"Alicheka, mama."

"Sasa?"

"Hakujibu."

Mama Mihayo alikuwa anapanga vikombe. Aliviacha. Katika watu wote niliowahi kufanya nao kazi, hakuna aliyeujua utani kumzidi, kwa hiyo sikuhitaji kuongeza neno. "Hakujibu," akarudia, kisha akakaa kwenye benchi la wagonjwa, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa.

Juma lililofuata aliomba ruhusa, akanitaka tuende naye Ulyankulu. Nilimwambia mgonjwa aliyeondoka hafuatwi nyumbani bila kuulizwa, na alikubali kungoja mpaka mama yake Jeneroza alipopokea simu na kusema wageni hawakatazwi. Tukaenda. Mama Mihayo alibeba sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda kuona mzazi. Njia nzima, kati ya miombo na mizinga ya nyuki na mabani ya tumbaku, hakumtania hata kondakta.

Mama yake Jeneroza alitupokea vizuri kupita tulivyostahili. Nilitaka kuonyesha wema, nikamsalimia kwa neno la Kirundi nililojifunza. Akaitikia, kisha akaniambia kwa upole kwamba hapa nyumbani sawa, lakini kule mjini nisimsalimie hivyo mbele za watu. "Ni wema, sista," akasema, "lakini unatuonyesha kidole." Nililipokea. Miaka yote ile nilikuwa naringia lile neno moja.

Tulipewa ugali wa muhogo na maharage. Jeneroza alitoka ndani, akapiga magoti, akatuamkia shikamoo. Alikuwa amekonda. Mama Mihayo aliitikia marahaba, akasukuma sahani kando. Sasa hapa mwelewe kitu: mtani haombi radhi. Utani hauna msamaha ndani yake. Una malipo tu. Aliyetaniwa akiumia, humrudishia mwenzake kwa kali zaidi, mambo yakaisha. Mama Mihayo alikuwa amekuja na kitu hicho kimoja alichokuwa nacho.

"Mwanangu," akamwambia, "nimekuja kutukanwa. Nilikutania mbele za watu, nawe ulikuwa na haki ya kunijibu. Nijibu sasa. Sema Mnyamwezi mpagazi, sema babu yangu alibeba meno ya tembo akalipwa kitambaa, sema lolote. Nimekuja kwa ajili hiyo."

Jeneroza akasema bila hasira, kama anayemweleza mtoto njia ya kisimani, "Mama, Mgogo akikujibu watu wanacheka. Mimi nikikujibu watasema mkimbizi ana kiburi, na aniambiaye nirudi kwetu hatakuwa anatania."

Jeneroza akaongeza, "Wewe hukukusudia, najua. Ndiyo sababu imekuwa vigumu. Angekuwa mtu mbaya ningejua nimkimbie nani."

Nilimwomba arudi, nikamwambia tunaweza kukutana mahali pengine popote, hata pale pale chini ya paa la mama yake. Alishukuru. Alisema kwanza apumzike kuonwa. Dawa alikuwa amezimaliza kwa usimamizi wa mama yake, na vipimo vya baadaye, alivyofanyiwa kwingine, vilitoka vizuri. Lakini mahakamani hakwenda. Siku ya kutoa ushahidi ilipofika alifika mpaka stendi ya basi, akarudi nyumbani. Alijua swali la kwanza litakuwa lipi. Kesi ikafa, na yule kijana akaendelea kupita njia ile ile ya bani kama mwenye nayo. Mama yake aliniambia kwa simu kwamba mgongo wa mwanawe umerudi ukutani.

Tulipokuwa kwenye basi la kurudi, Mama Mihayo alitazama dirishani mpaka karibu na mjini. Kisha akasema, "Utani ni wa watu wanaozikana. Nani kati yetu amewahi kwenda kuzika Ulyankulu?"

Tangu siku hiyo hakutania tena kwenye benchi lile. Wagogo walidhani anaumwa. Tulibadilisha pia mambo mengine, ambayo ninyi mmeyakuta mkadhani yamekuwapo siku zote. Hatuiti jina kwa sauti. Hatuulizi kwenu wapi. Tunauliza unapenda tukufikie vipi, basi. Barabara na kijiji vinaandikwa chumbani, mlango umefungwa. Na utani anauanza mgonjwa. Akiuanza, mjibuni kwa nguvu zote, maana huyo anapona. Asipouanza, mpeni chai na mnyamaze. Mabadiliko hayo yote ni mazuri na yote yalichelewa, na Jeneroza aliyetufundisha hakupata faida yake.

Mama Mihayo alifariki kwao Tura baada ya mkataba wake kuisha. Wagogo walikuja wakafanya mambo yao. Mmoja alilikalia jembe la kuchimbia kaburi mpaka akapewa soda. Nyuma kabisa ya wanawake nilimwona mama yake Jeneroza, kitenge kimefungwa vizuri, sijui nani alimpa taarifa. Hakutania mtu. Alichukua udongo, akatupia kaburini, akaenda kupanda treni. Nilitamani Mama Mihayo angeliona hilo, nikajisahihisha hapo hapo: angeliona, asingejua aseme nini.

Jeneroza nilimwona tena mwaka huu, miezi michache kabla hamjaniaga. Nilikuwa natoka kununua vocha, nikamkuta nje ya uzio wa hospitali, upande wa pili wa barabara, ameketi juu ya kanga yake na chupa ya maji. Mimi ndiye niliyemtambua kwanza, ndipo akaniamkia. Amenenepa kidogo, ana watoto wawili, analima alizeti sasa na si tumbaku. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, amemsindikiza msichana wa barabara ya kwao, yuko ndani na wenzangu. Nilimwambia ninyi mlikuwa zamu na kwamba msichana yuko katika mikono mizuri. Akasema ndiyo maana amemleta. Amesikia kwamba siku hizi hawaulizi.

Nilimkaribisha ndani akae kivulini, anywe chai. Akasema, "Namleta mpaka hapa, mama. Pale ndani mtampeleka ninyi." Basi nikakaa naye chini, sare na yote. Tulizungumza bei ya alizeti, na watoto, na Mama Mihayo. Ndipo nilipomwambia ninatamani kuwaandikia, naye akasema niandike, ila nibadili jina. Nilimuuliza kama amewahi kuleta wengine. Akanionyesha vidole vyote vya mkono mmoja, kisha akainua kimoja cha mkono wa pili. Muda wote huo nilikuwa chumbani kwangu, hatua chache kutoka hapo, nikiamini kwamba wale wasichana wamefika wenyewe.

Kwa hiyo mkimwona, msimwite ndani. Tokeni ninyi mumpokee msichana anayemleta, hapo alipo, na yeye mwenyewe mumpelekee maji. Mimi nilibakiwa na swali moja tu, na nililiuliza tulipokuwa tunaagana, kwa sababu kwa miaka yote ile ndilo nililotaka kujua. Nilimuuliza kama sasa analala.

"Nalala vizuri, mama," akasema, akikung'uta vumbi kwenye kanga. "Isipokuwa usiku wa kuamkia safari ya kuja huku."